Betri ya Mzee Ambilikile

Sheria inawaita mizigo, lakini mimi kabla ya kufungua kasha la mtu nabisha hodi. Wenzangu bandani wananicheka, na wacheke tu. Ndani ya kasha mna mtu amelala chali, ana jina, ana masikio, na mara nyingi ana njaa kwa sababu daktari amemkataza kula. Kumfunulia mfuniko bila salamu ni utovu wa adabu, hata kama ubavuni amebandikwa lebo ya Daraja la Tisa, la mizigo hatari, na mishale ya kuonyesha upande wa juu.

Asubuhi ile nilikuwa na makasha manne ya kupakiwa kwenye ndege kwenda Dodoma. Mawili ya kwanza yalikuwa ya wanaume wakimya. La tatu lilikuwa la Mama Kisa, muuza vitenge wa Tukuyu, na huyo mdomo wake hauna breki. Aliniuliza kama lebo ile inaoshwa au atarudi nayo nyumbani. Nilipomwambia nahitaji kuandika uzito wake pamoja na kasha, akasema basi nibandike na bei kabisa, huenda akapata mnunuzi huko Dodoma, maana mume wake ameshindwa. Nilicheka huku nikimgusa chini ya mtulinga wa kushoto kwa mgongo wa kiganja. Betri yake ilikuwa bapa na ya baridi. Nikajaza ndiyo kila mahali kwenye fomu, nikamfunika taratibu.

Kwa wale ambao hawana ndugu wa Tisa, niseme kidogo. Mioyo ya betri ilikuja baada ya ile homa ya kifua, iliyokuwa inapita na kumwachia mtu moyo uliolegea kama mpira wa soksi kuukuu. Betri inakaa kwenye kimfuko chenye kifuniko cha plastiki, ina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na mwenyewe anaichaji kila siku kama simu. Watu waliokuwa wa kuzikwa wakarudi shambani. Shida ya betri hiyo ni moja: ikijeruhiwa inavimba, ikivimba inapata joto, na ikishika moto hakuna maji wala povu la kuituliza, kwa sababu inajitengenezea yenyewe hewa ya kuungulia. Huko juu angani, ambako hewa ni nyepesi, iliyovimba inavimba zaidi.

Tulilijua hilo siku ndege ya abiria ilipowaka juu ya Ziwa Rukwa kwa sababu ya moyo wa babu mmoja aliyekaa dirishani. Tangu hapo mwenye moyo wa betri haketi na abiria. Anasafiri kwenye kasha, ndani ya ndege ya mizigo, na karatasi yake ya tamko yenye kingo za mistari myekundu. Kuta za kasha zinaweza kuzuia moto wa betri nzima iliyopata hitilafu, angalau rubani apate pa kutua. Kwa betri iliyokwisha kuvimba, kasha ni sufuria yenye mfuniko. Kwa hiyo kuna mkaguzi aliyeapishwa, na kuna fomu ya maswali ambayo majibu yake ni ndiyo au hapana. Labda haimo. Ukiandika hapana moja tu, mzigo unarudi ulikotoka, hata awe ni waziri.

Aliyeiandika sheria hiyo ni Mzee Ambilikile Mwakasungula, ambaye aliokota mabaki kule Rukwa kwa mikono yake. Aliyenifundisha kuitumia ni yeye huyo. Mwaka mzima wa mafunzo nililala nyumbani kwake Kiwira, chumba kimoja na binti yake Sekela, na kila jioni mezani tulikuwa tukiulizwa maswali ya fomu kabla ya kunawa mikono. Ukikosea, unakula mwisho.

Na kasha la nne lilikuwa lake.

*

Nilijua angekuja. Moyo wake ulianza kumchosha tangu kiangazi, na karatasi zake zilitumwa siku moja kabla: mgonjwa anakwenda kubadilishiwa betri iliyochoka. Imechoka, si imevimba. Hiyo ni kawaida, napitisha za namna hiyo kila wiki.

Nilibisha hodi. Akaitikia kutoka ndani kwamba nimechelewa, kwamba kwa Mama Kisa nimepiga soga, na kwamba enzi zake mkaguzi anayecheka kazini alikuwa anafagia banda. Nikafungua nikiwa bado natabasamu. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefunika bega la kushoto na hakuuondoa.

Nikamwomba autoe. Akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia hawajambo, toa mkono mwalimu. Akautoa.

Kifuniko cha plastiki kilikuwa kimeinuka upande mmoja kama chapati inapotaka kufura. Ngozi ilikuwa nyekundu pembeni. Nikaweka mgongo wa kiganja, nikapata joto, si kali, lakini joto la kitu kinachofanya kazi kisichotakiwa kuifanya. Na katikati ya kifuniko hicho, jamani, palikuwa na kikaratasi cheupe cha fundi, kile wanachobandika juu ya skrubu za redio: OSIA ELEKTRONIKI. UKIBANDUA GARANTII IMEKWISHA.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya banda.

Alinieleza bila kuniangalia. Mvua ziliangusha nguzo, Kiwira nzima ikawa gizani. Badala ya kupanda gari kwenda kituo cha mioyo mjini, alikwenda sokoni kwa Osia, kijana anayechaji simu kwa sola. Osia alimwambia, mzee, hii haishiki chaji, ngoja nikuongezee seli pembeni utembee. Seli yenyewe ilitoka kwenye pikipiki ya umeme. Mzee akakubali, akakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kuchajisha simu, akafunguliwa shati. Seli ikafanya kazi siku mbili vizuri sana. Siku ya tatu ikaanza kufura.

Sikuamini. Mtu aliyetufundisha kwamba hata lebo iliyochanika haigundishwi bila kibali! Lakini nikimfikiria vizuri, angefanya nini kingine? Ndivyo tulivyo. Kitabu cha betri kimeandika usiifungue, lakini Osia ni mtoto wa fulani, alitengeneza redio ya mama ikapona, na anasalimia vizuri. Hata mimi pasi yangu iko kwake.

Kuitoa hapo hapo isingewezekana. Betri ikitoka, moyo unasimama, na mashine ya kuushikilia iko Dodoma tu.

*

Nilichukua fomu. Mzee akauliza nimefika swali la ngapi, kama zamani mezani. Nikamsomea swali la tano: betri ni nzima, haijavimba, haijatobolewa wala kurekebishwa na mtu asiyeidhinishwa?

"Andika ndiyo, mwanangu," akasema.

Nikacheka. Kwenye mafunzo ndivyo alivyokuwa akitujaribu. Alivaa koti la mfanyabiashara, akaja na soda ya baridi na hadithi ya mama mgonjwa, akabembeleza mpaka mwanafunzi alegee, kisha anavua koti na kumfelisha mbele ya wote. Mimi sikulegea hata mara moja. Kwa hiyo nikamwambia, mwalimu, soda yangu iko wapi?

Hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mimi sikuwahi kuiona ikitetemeka, hata siku ya kumzika mke wake.

"Si mtihani, Tusa. Naogopa kufa."

Nikaacha kucheka. Akanishika mkono na kuanza kunipangia hoja moja moja, kwa sauti ya chini Mama Kisa asisikie. Betri iliyovimba haichajiwi, ukiichaji umeiwasha mwenyewe. Chaji iliyobaki inamfikisha Dodoma kwa ndege na kubaki kidogo. Kwa barabara haifiki. Na si kila iliyovimba inawaka, wengi wanatembea nazo mwezi mzima bila kujua. Alilijua hilo siku anaandika swali la tano. Aliliandika akiwa bado na harufu ya Rukwa puani, akaweka uzio mbali sana na shimo, makusudi. Nafasi ya kuwaka ndani ya safari fupi ile ni ndogo, ndogo mno. Yeye ndiye aliyepima uzio, yeye ndiye anayeniambia leo kwamba naweza kuuruka.

Mbaya zaidi, nilijua anasema kweli. Mzee huyo hakuwahi kunidanganya, na hata siku hiyo hakunidanganya. Alichoniomba ni kwamba nidanganye mimi.

Nikamuuliza, na Mama Kisa je? Na wale wawili? Na marubani?

Akafumba macho. Akasema nao wamepanda wakijua ni watu wa Tisa, kila mmoja amebeba moto wake. Hiyo ilikuwa hoja ya mfanyabiashara wa koti. Neno kwa neno. Tena kwenye mafunzo jibu lake alinifundisha mwenyewe: wamebeba moto wao, hawajakubali kubeba wa kwako.

*

Sekela alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alisoma uso wangu kabla sijafungua mdomo. Tulivyolala chumba kimoja mwaka mzima, hanifichi na simfichi. Nilimweleza kuhusu seli ya Osia, kuhusu joto, kuhusu swali la tano, nikazunguka zunguka kama ninayetafuta mtu wa kunisaidia kusema. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema baba yake alimnunulia mtoto wa watu viatu vya kuanzia kazi, na mtoto mwenyewe ndiye huyu amesimama mbele yake amevaa kizibao cha ukaguzi.

"Umekula mezani kwetu, Tusajigwe. Sasa unataka kutulipa hivi?"

Nilikuwa na hasira tu: hasira na Osia, hasira na mvua, hasira na yule mzee aliyenitengeneza hivi halafu akaja kunitaka niwe vingine. Kama alitaka mkaguzi wa kumhurumia, angemfundisha mmoja. Tulikuwa thelathini darasani.

Ndipo Kapteni Mwantumu akaingia kuchukua taarifa yake ya rubani, ile karatasi ninayomkabidhi kumwonyesha nini kimepakiwa na kimekaa wapi. Huyu mama ni mpole, anapenda kutafuna karanga. Tamaa ikanijia. Nikawaza nimwambie yote, aamue yeye; ndege ni yake, roho ni yake. Nikaanza hivi, Kapteni, ungekuwa na mzigo wenye shaka kidogo...

Akanikatisha kwa upole kabisa. Akaniambia hataki kujua.

"Mimi sifungui makasha. Nasoma jina lako pale chini, nawasha injini."

Akamimina karanga nyingine kiganjani, akasema ananisubiri nje.

Nikarudi kwenye kasha la nne. Nikasimama upande ambao angeweza kuniona, kwa sababu alitufundisha kwamba mzigo unakataliwa mbele ya mwenyewe, hauachiwi kipande cha karatasi na kukimbia. Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa kwenye swali la tano, nikasaini. Mkono haukutetemeka na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba haukutetemeka hata kidogo. Mafunzo yake yalikuwa mazuri.

Aliisikia kalamu. Akanitazama usoni, macho makavu.

"Nilikupa alama za juu kuliko wote," akasema. "Ningejua, ningekufelisha."

Akageuzia uso kwenye ukuta wa kasha. Sekela ndiye aliyemfunika.

*

Msidhani nilikunja mikono. Nilipata gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya, nikagombana na dereva aliyekuwa hajanywa chai mpaka akawasha. Nilipiga simu Dodoma nikiomba waitoe ile mashine ije na gari wakutane Iringa. Wakaniambia mashine ina mtu juu yake. Nikapiga tena, wakaacha kupokea. Nilipanga barafu kuzunguka bega la mzee kwa mikono yangu, na yeye akiwa amegeuzia uso kule kule. Nilimwambia kwaheri mwalimu. Hakuitikia, na mtu mzima kwetu huitikia hata adui.

Ndege iliondoka bila kasha la nne. Nilisimama uwanjani nikiisikia mpaka sauti ikapotea.

Wale wa gari hawakufika hata Makambako. Nilitegemea kusikia kwamba betri iliwaka njiani, na Mungu anajua nilishajiandaa kuisikia habari hiyo, nilishaona gari linavyosimamishwa na watu wanavyoruka. Haikuwaka. Iliisha chaji tu, kama simu. Sekela anasema alikuwa anaongea habari za ng'ombe wake, akanyamaza katikati ya neno.

Msibani nilikwenda. Osia alikuwa amekalishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, amevimba macho kwa kulia. Watu walikuwa wanapita kumpa pole na kumshukuru: bila yeye mzee asingepata zile siku mbili za mwisho, alizozitumia kupatanisha ndugu zake wawili kwenye mpaka wa shamba. Kweli alizipata, siwezi kubisha. Mimi nilipewa ndoo nikateke maji. Nilipomaliza nikapewa nyingine, na hakuna aliyenishika mkono.

Baada ya majuma kadhaa Mama Kisa akarudi na betri mpya. Alipita bandani makusudi kunisalimia, akaniletea mkungu wa ndizi. Akasema safari ilikuwa laini, hata ungeweka kikombe cha chai juu ya kasha kisingemwagika. Halafu akauliza habari za yule mzee wa kasha la nne aliyekuwa ananisema kwa kuchelewa, kama alipata ndege nyingine. Nikamwambia hakupata. Akasema masikini, angepanda tu na sisi, nafasi si ilikuwepo. Nikamshukuru kwa ndizi.

*

Kuna kifungu kwenye sheria ya Mzee Ambilikile ambacho watu wengi hawakijui. Anayeukataa mzigo hatarishi anakuwa mlinzi wake mpaka uteketezwe. Aliweka hivyo ili wakaguzi wasikatae ovyo na kuwatupia wengine taabu. Kwa hiyo hospitali ya Makambako, walikoupeleka mwili, ilipoitoa ile betri pamoja na seli ya Osia, iliirudisha kwangu. Imo kwenye ndoo ya chuma, imefukiwa kwa mchanga, nyuma ya banda, mbali na matangi. Gari la kuteketeza linakuja likipenda.

Jana Sekela alikuja. Amekonda. Nilikuwa sijamwona tangu arobaini. Hakunisalimia, aliuliza tu kiko wapi kitu cha baba yake. Nikampeleka nyuma. Nilidhani ataomba apewe akakizike naye, nikawa nimeshapanga maneno ya kumkatalia, kwa mara ya pili, kwa sheria ile ile. Hakuomba. Alichuchumaa, akaweka mgongo wa kiganja kwenye ubavu wa ndoo, vile vile kama baba yake alivyotufundisha sote wawili mezani.

"Imewaka?" akauliza.

Nikamwambia bado.

Alikaa pale muda, mkono kwenye chuma. Nami nikachuchumaa upande wa pili. Upepo ulikuwa unapeperusha mchanga wa juu, akausawazisha kwa vidole.

"Ikiwaka nipigie simu," akasema. "Hata kama niko kanisani, nipigie."

Nikamwahidi. Akaondoka bila kuaga, akapita katikati ya makasha yaliyokuwa yakisubiri, akiyakwepa yasimguse.

Kazi hii ni ya kuomba kitu kisiwake. Wakaguzi wote tunaomba hivyo, kila siku, kwa dini zetu zote. Mimi peke yangu, kila asubuhi kabla ya kubisha hodi kwenye kasha la kwanza, napita nyuma ya banda kuomba kinyume. Iwake mara moja tu, iyeyushe hiyo ndoo, ichome mchanga ugeuke kioo, nipige simu Kiwira na Sekela apokee.

Leo nimepita. Ni ya baridi. Sijampigia.